Njia za Mkato za Barua Pepe: Maneno kwa Makarani

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya elimu ya chama, mbele ya makarani na wawakilishi wa wafanya kazi.)



Tumeombwa na tawi tuseme juu ya jambo ambalo wengine watalicheka kuwa ni dogo. Nalo ni vidole. Chama kimezoea kusema juu ya mishahara, nyumba, likizo na malipo ya saa za ziada, na hayo hatutayaacha. Lakini karani wa siku hizi afikapo afisini saa mbili asubuhi hapewi jembe wala nyundo. Apewa kikasha cha barua pepe kilichojaa usiku kucha. Hilo ndilo shamba lake, na sisi twaona ya kuwa wengi walilima kwa shida kuliko inavyohitajika.

Mwangalieni karani akifanya kazi. Aandika maneno mawili matatu, aondoa mkono wa kulia kwenye kibodi, ashika kipanya, asukuma mshale mpaka pembeni mwa kioo, abonyeza, kisha arudisha mkono na kutafuta tena mahali vidole vilipokuwa. Barua moja, safari tatu au nne. Jioni mkono wamuuma toka kifundo mpaka kiwiko, naye asema ni baridi ya Julai.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme barua moja yataka safari tatu za kwenda kwenye kipanya na kurudi, na kila safari yala sekunde 2. Karani mwenye barua 100 kwa siku ametoa sekunde 600, yaani dakika 10. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, ni saa 3 na dakika 40. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, na kila mtu na apime yake kwa saa yake mwenyewe. Wala hatutaki kuwadanganya kama mwuza dawa wa sokoni. Dakika 10 kwa siku si utajiri, na mwenye barua 15 kwa siku hataona tofauti kubwa. Faida kubwa iko kwingine. Mkono hupunguziwa safari, na fikira hazikatiki. Mtu aliyekuwa akifikiri jibu la kumpa mteja mwenye hasira halipotezi jibu hilo kwa sababu ya kutafuta picha ndogo ya mshale kwenye kioo.

Tena wako wanaodhani kipanya ndiyo maendeleo, na kibodi ni mambo ya kale ya mataipisti. Sivyo. Douglas Engelbart, Mmarekani aliyebuni kipanya, alikionyesha mbele ya watu huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Mkono wake wa kulia ulishika kipanya, na wa kushoto ulikuwa juu ya kibodi kidogo chenye vitufe vitano, ukitoa amri. Mwenye chombo mwenyewe hakukiachia kipanya kazi yote. Sisi ndio tuliofundishwa nusu ya somo.

Na ninyi mnazo njia za mkato tayari, ila hamziiti hivyo. Nani hapa hajui Ctrl na C kwa kunakili, na Ctrl na V kwa kubandika? Ile kazi ya kukata na kubandika maneno kwenye kioo ilitengenezwa na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott katika maabara ya Xerox huko California, katika miaka ya 1970, na leo hakuna karani anayeandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya kuhamisha fungu moja. Haya tutakayosema ni ndugu za hizo.

Tutachukua programu moja, Gmail, maana ndiyo wengi wenu mnayo, ama nyumbani ama kazini. Wa Outlook watangoja kidogo.

Jambo la kwanza: herufi za mkato za Gmail hulala mpaka ziamshwe. Fungua mipangilio kwa ile alama ya gurudumu lenye meno, juu upande wa kulia, uombe kuona mipangilio yote. Katika ukurasa wa kwanza teremka mpaka uone mahali pa njia za mkato za kibodi. Ziwashe. Kisha teremka mpaka chini kabisa ubonyeze kuhifadhi. Hapo chini ndipo watu wengi wakosapo: huwasha, hufunga ukurasa bila kuhifadhi, halafu husema programu ni mbovu. Ukisha kuhifadhi, mpango huo hukaa katika akaunti yako, si katika mashine. Ukihamishwa meza, herufi zakufuata. Lakini kama afisi yenu ina anwani moja inayotumiwa na makarani watatu, basi aliyewasha amewawashia wote, na imempasa awaambie wenzake kabla hawajashtuka.

Sasa herufi zenyewe. Nyingi zimetokana na maneno ya Kiingereza, na ndiyo sababu watu wetu huzisahau upesi. Mtu huambiwa herufi fulani ni ya kazi fulani, wala haoni kwa nini. Kwa hivyo sisi tumezitafutia maneno ya Kiswahili, ili herufi iseme na mwenye kuibonyeza.

C ni ya kuandika barua mpya. Sisi twasema chapa. R ni ya kumjibu aliyeandika: rudisha jibu. A ni ya kuwajibu wote waliomo katika barua: ambia wote. F ni ya kupeleka barua kwa mtu mwingine: fikisha. O ni ya kufungua barua: ona. U yakutoa ndani ya barua na kukurudisha kwenye orodha: urudi. Z yafuta tendo ulilolifanya sasa hivi: zuia. S yatia nyota kwenye barua unayotaka kuirudia baadaye: saa nyingine. E yaiondoa barua kikashani na kuiweka akiba bila kuitupa: enda zako kabatini.

J yashuka chini katika orodha, kwenye barua za zamani zaidi, na K yapanda juu, kwenye barua mpya zaidi. Sisi twasema jishushe, na kwea. Hizi mbili hazikutokana na neno lo lote la Kiingereza, na habari zake zatupendeza. Mwaka 1976 kijana mmoja, Bill Joy, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitengeneza programu ya kuandikia iitwayo vi. Mashine aliyokuwa nayo, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale peke yake. Mishale ilikuwa imechorwa juu ya herufi H, J, K na L, na ya J ilielekea chini, ya K juu. Mashine zile zimekwisha kutupwa, lakini desturi yake imebaki mpaka katika kikasha cha karani wa Kisumu. Nayo ni desturi nzuri. Gusa J kwenye kibodi yako: utaona kijimwinuko kidogo. Hapo ndipo kidole cha shahada cha mkono wa kulia hukaa kwa mtu aliyejifunza taipu, na K iko chini ya kidole kinachofuata. Mkono hauendi po pote.

Ukitaka kuchagua barua nyingi kwa pamoja, bonyeza X juu ya kila moja, kama mtu atiaye alama katika karatasi ya kura, kisha E moja tu yazipeleka zote kabatini. Kutupa ni ile alama iliyo kama njia ya reli, #, ambayo katika kibodi za namna ya Kimarekani ni Shift na 3, na katika za Kiingereza iko karibu na Enter. Barua iliyotupwa hukaa katika pipa siku 30 kabla haijafutwa kabisa, basi mtu asitoke jasho mapema. Mkwaju, /, wakupeleka mahali pa kutafuta. Shift na U yairudisha barua katika hali ya kutosomwa. G kisha I, moja baada ya nyingine wala si pamoja, yakurudisha kikashani kutoka mahali po pote. G kisha T yaonyesha ulizozituma. Na ukisahau yote, bonyeza alama ya kuuliza, ?, orodha nzima itatokea kwenye kioo.

Barua ikisha kuandikwa, Ctrl na Enter yaituma. Katika kuandika, kitufe cha Tab chakupeleka kutoka kwenye jina la mpokeaji mpaka kichwa cha habari, kisha mpaka mwili wa barua. Hivyo barua nzima yaweza kuandikwa na kutumwa, na kipanya kikalala usingizi.

Watu wa simu wasituulize. Herufi hizi ni za kibodi ya kompyuta.

Hapa lazima tuseme juu ya hatari, maana chombo kikali hukata po pote. Njia hizi ni herufi tupu. Mtu akidhani yumo ndani ya barua, kumbe yumo katika orodha, akaanza kuandika sentensi, kila herufi yaweza kuwa amri. Ataona barua zaondoka, nyingine zatiwa nyota, na asijue ni nani aliyeingia katika mashine. Hakuna aliyeingia. Dawa yake ni Z mara moja, kabla ya kufanya jambo jingine. Na iliyokwenda kabatini kwa E haikupotea, bali imo katika barua zote, na ukiitafuta utaiona.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi: R na A. Katika kibodi herufi hizi haziko mbali, zote ni za mkono wa kushoto, na tofauti yake yaweza kuwa kazi ya mtu. Karani anayemjibu mwenzake juu ya mshahara uliochelewa, akibonyeza A badala ya R, amemwambia meneja pia, na mkaguzi, na wateja waliokuwamo. Wala tusidhani ni makarani wadogo tu wapatwao na haya. Mwezi wa Oktoba 1997, katika kampuni ya Microsoft yenyewe, watengenezaji wa mitambo ya barua pepe, mtu mmoja aliona jina lake katika orodha ya watu wapata 13,000, akaandika kuomba aondolewe. Wengine wakajibu kwa wote: na mimi niondoeni. Wengine wakajibu kwa wote: acheni kujibu kwa wote. Yasemekana zilipita barua milioni 15, na mitambo ikalemewa. Na wale walikuwa mafundi.

Kwa hivyo shauri letu ni hili. A iacheni ya mwisho kujifunza. Tena, katika mipangilio ile ile kuna mahali pa kuchagua muda wa kuzuia barua iliyokwisha kutumwa. Huanza kwa sekunde 5, lakini waweza kuchagua mpaka 30. Chagueni 30. Mtu akisha kutuma kwa Ctrl na Enter, macho yaende kwenye majina ya wapokeaji. Ukiona jina lisilofaa, zuia. Sekunde 30 zikipita, hakuna mwombezi.

Wa Outlook sasa. Katika ile programu iliyowekwa ndani ya kompyuta, herufi haziendi peke yake, zafuatana na Ctrl, na kwa hivyo ajali ni chache. Ctrl na N ni barua mpya, Ctrl na R kumjibu mmoja, Ctrl na Shift na R kuwajibu wote, Ctrl na Enter kutuma. Jihadharini na Ctrl na F: katika programu nyingine nyingi ni ya kutafuta, lakini hapa yapeleka barua kwa mtu mwingine. Na Outlook ile inayofunguliwa katika kivinjari yakubali, ukiiambia katika mipangilio, kufuata herufi za Gmail.

Wako pia wanachama wetu wasioona. Kwao kipanya si kitu kabisa, maana hawauoni mshale. Hutumia programu isomayo kioo kwa sauti, kama NVDA, ambayo ilianzwa Australia mwaka 2006 na haina malipo, na kazi yao yote ni kibodi. Kwa mtu huyu njia ya mkato si ya haraka, ndiyo mlango wenyewe. Lakini programu hiyo nayo ina herufi zake, na zaweza kugongana na za Gmail, hata K ikawa na maana mbili. Basi somo lao litakuwa siku yake, na mwalimu anayejua vyombo vyote viwili. Tawi lenye mwanachama wa namna hiyo na litupe jina lake baada ya mkutano, na tajiri asiachiwe kusema ya kuwa mtu huyo hawezi kazi ya barua.

Na sasa tuje kwenye lile ambalo mwalimu wa kompyuta hatawaambieni, maana halimhusu. Dakika zilizopatikana ni za nani?

Tajiri akiona kikasha ni kitupu saa tisa na nusu, aweza kufurahi. Aweza pia kukumbuka yule karani aliyeacha kazi mwaka jana, ambaye mahali pake hapajajazwa mtu, akasema: mbona huyu aweza kazi ya wawili? Hapo mkato wa vidole umekuwa mkato wa ajira. Au atachukua idadi ya barua za karani mmoja mwepesi, aibandike ukutani kuwa ndiyo kipimo cha wote, na mama mwenye miaka 54, aliyeanza kazi kwa taipu na kitabu cha kupokelea barua, aitwe mvivu.

Wako wenzetu wasemao: basi tufiche, tujifunze kimya kimya na kazi iende kama zamani. Sisi hatukubali. Anayejua peke yake hamsaidii jirani yake mwenye mkono unaouma. Tena siku tajiri atakapogundua, ndipo yule mmoja atakapofanywa fimbo ya kuwapigia wengine. Tukijifunza afisi nzima kwa pamoja, mwepesi na mzito, kijana na mzee, hapana fimbo. Kwa hivyo twawaomba wawakilishi: mkirudi, msimfundishe mmoja. Wafundisheni wote wa chumba kimoja katika juma moja, na aliyeshika upesi akae karibu na aliyechelewa.

Tena yapelekeni mezani. Mafundisho ya chombo cha kazi na yafanywe katika saa za kazi zinazolipwa. Idadi ya barua isiwe kipimo mpaka pande mbili zikubaliane. Dakika zinazopatikana zianze kwa kupumzisha macho na mikono. Hatuombi sadaka. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa sawa kazini na ya kufanya kazi katika hali inayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinganishe mahali pa kazi, vyombo na kazi yenyewe na mtu anayeifanya, wala si kumlinganisha mtu na meza. Na yatakayoandikwa katika mapatano ya pamoja, yakisajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yazifunga pande zote mbili. Mwandikeni neno hili moja tu katika mapendekezo ya mwaka huu: ya kuwa kazi ikiharakishwa na mashine au na ustadi, hesabu ya watu na ya kazi haibadilishwi bila kuzungumza na chama.

Mwenye mkono uliokwisha kuuma asidhani herufi hizi ni dawa. Aende kwa daktari, na habari iandikwe afisini tarehe ile ile, maana bila karatasi hatuna la kumsemea katika madai yake.

Hatutaki mjifunze zote leo. Juma la kwanza ni J, K na O. Juma la pili ongezeni R na U. La tatu E na Z, na hizo ziende pamoja daima. Baada ya hapo kila mtu na achague kwa kadiri ya kazi yake. Karani wa malalamiko atataka S, na karani wa hesabu atataka mkwaju wa kutafuta. Andikeni herufi za juma katika kijikaratasi, mkibandike chini ya kioo, na kikisha kazi mkitoe.

Mwenyekiti ametuambia ya kuwa mashine sita zafanya kazi na moja haitaki kuwaka. Basi kaeni watatu watatu. Asiyekuwa na akaunti akae na mwenye nayo, na kila mmoja apate zamu ya kushika kibodi, wala mwenye ujuzi asimpokonye mwenzake. Vipanya vigeuzeni juu chini. Fungueni mipangilio, washeni, teremkeni mpaka mwisho, hifadhini. Kisha bonyezeni C, na kila kikundi kiandike barua fupi kwa kikundi kilicho upande wake wa kulia.